Boti ya V au katamarani? Mwongozo kwa anayetaka boti ya mwendo kwenye bahari yetu

Mwaka juzi dalali mmoja wa boti alinipigia simu kutoka Mombasa. "Kaka, nimepata katamarani ya futi 28, mashine mbili za farasi 150, inakimbia noti 42. Njoo na hela." Nikamuuliza siku hiyo ilipokimbia 42 walikuwamo wangapi. Akanyamaza kidogo. "Mimi na fundi." Mafuta je? "Robo tangi." Na bahari? "Asubuhi, maji kama kioo."

Watu wengi hununua boti kwa namna hiyo. Wanalipia kasi ya asubuhi moja tulivu, halafu wanakwenda kuitumia saa tisa alasiri mwezi wa saba, kusi imekaza, ndani kuna wageni kumi, mitungi ya wazamiaji na masanduku ya barafu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta boti ya mwendo ya futi 22 hadi 34, mpya au iliyotumika, na hajaamua achukue ile yenye tumbo la V au ile ya miguu miwili, yaani katamarani. Nimeendesha zote mbili kwa miaka, na moja niliivunja mwenyewe. Nitaieleza mbele.

Noti, kwa asiyezizoea, ni maili ya baharini kwa saa: noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.

Hatua ya kwanza: andika safari zako

Kabla hujaenda kuangalia boti yoyote, kaa na daftari. Andika safari utakazofanya kweli: kutoka wapi kwenda wapi, miezi gani, saa ngapi unatoka, na hasa saa ngapi unarudi. Andika watu wangapi na mzigo gani. Halafu tafuta ndani ya orodha hiyo safari mbaya kuliko zote ambayo huwezi kuikwepa. Boti inanunuliwa kwa ajili ya hiyo; nyingine zote zitajipanga zenyewe.

Kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, na makali yake ni Juni hadi Agosti. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Wakati wa maleleji, upepo ukilegea kati ya misimu hiyo miwili, kila boti ni nzuri, ndiyo maana wauzaji hupenda kukuita wakati huo. Jambo ambalo wanunuzi wa mjini hulisahau ni mkondo. Upande wa Tanzania mkondo wa pwani huelekea kaskazini karibu mwaka mzima. Kusi ikivuma, upepo na mkondo vinakwenda pamoja, na mawimbi huwa marefu. Kaskazi ikivuma, upepo unakutana na mkondo uso kwa uso, mawimbi yanakuwa mafupi na yanasimama wima. Aliyevuka mlango wa bahari kati ya Bara na Pemba mwezi wa pili alasiri ananielewa. Wimbi la mita moja na nusu lililosimama wima linatesa boti kuliko la mita mbili lililolala.

Zingatia pia lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, jiulize kwa uaminifu kama siku hiyo utabaki nyumbani. Mwenye hoteli anayesubiriwa na wageni gatini mara nyingi habaki, na jibu lake litaamua umbo la boti yake.

Hatua ya pili: lijue tumbo la boti

Tumbo la V kali tunalolijua leo lilijipatia jina mwaka 1960, kwenye mashindano ya Miami hadi Nassau. Richard Bertram aliingia na Moppie, boti iliyochorwa na Ray Hunt, ikiwa na V iliyoendelea hadi nyuma kabisa badala ya kulainika kuwa bapa. Bahari ilichafuka. Boti bapa zikapigwa, Moppie ikapasua mawimbi na kushinda, na kutokana nayo ikazaliwa Bertram 31. Tangu hapo pembe ya nyuzi 24 nyuma ya boti imekuwa kipimo cha V ya bahari chafu.

Pembe hiyo unaweza kuipima mwenyewe boti ikiwa juu ya trela. Tafuta programu ya kupimia mwinamo kwenye simu. Hakikisha boti imekaa sawa, egemeza rula ndefu kwenye tumbo karibu na mashine, mahali pasipo na mikunjo ya faiba, weka simu juu ya rula, usome. Nyuzi 22 hadi 24 ni V kali: inapasua vizuri, lakini ikisimama inayumba, na inakula mafuta zaidi kabla haijapanda juu ya maji, yaani kuteleza juu yake badala ya kuyalima. Nyuzi 17 hadi 20 ni ya katikati, na boti nyingi za uvuvi wa ndoano ziko hapo. Chini ya 15, jua unanunua boti ya maji ya ndani ya miamba, hata kama omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni kali kama kisu. Omo kali huwadanganya wengi, kwa sababu boti ikienda kasi inayopigwa na wimbi ni sehemu ya kati na ya nyuma.

Katamarani jina lake limetoka Kitamili, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Sisi wa pwani wazo hilo si geni: ngalawa nayo ni gogo jembamba lisiloweza kusimama peke yake hadi litandaziwe mirengu pande mbili. Upana ndio unaoleta utulivu, na wembamba ndio unaoleta mwendo.

Lakini neno katamarani linafunika vyombo viwili tofauti kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Ya kwanza ni katamarani ya mashindano. Waingereza James Beard na Clive Curtis wa Cougar walikuwa miongoni mwa walioileta kwenye mashindano ya bahari wazi, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imezifunika boti za V. Leo zinajengwa na watu kama Skater na MTI kule Marekani, na Victory wa Dubai wametwaa mataji mengi nazo. Siri yake ni handaki lililo kati ya miguu miwili. Boti ikienda kasi, hewa inaingia mbele ya handaki, inabanwa chini, na kuibeba boti kama bawa. Miguu inabaki ikigusa maji kidogo tu, ndiyo maana kwa mashine zilezile katamarani ya namna hii inaiacha V kwa mbali.

Ila nguvu hiyo ya hewa hupanda na kushuka kwa mraba wa mwendo. Kama kwa noti 80 hewa inakubebea mzigo fulani, kwa noti 40 inakubebea robo yake tu, na kwa noti 20 sehemu moja ya kumi na sita. Sasa jiulize mwezi wa saba, ukitoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda kusini ukikipita kisiwa cha Chumbe, utakwenda noti ngapi. Kumi na nane? Ishirini ukiwa jasiri? Kwa mwendo huo handaki la mashindano ni kama halikubebi, na kwa sababu dari lake liko chini, kila wimbi linalipiga kofi. Juu ya hapo, dari lile lile linaloibeba boti linaweza kuipindua omo ikinyanyuka mno, na likifanya hivyo halitoi onyo. Oktoba 1990 Stefano Casiraghi, aliyekuwa akitetea taji lake la dunia, alifariki mbele ya Monaco katamarani yake ilipopinduka. Huyo alikuwa bingwa.

Ya pili ni katamarani ya kazi. Miguu yake ni minene kidogo kuliko ya ile ya mashindano, dari la handaki liko juu, na haitegemei hewa kuibeba kama bawa. Inategemea wembamba wa miguu na upana wa chombo. Meli za abiria za Kilimanjaro zinazokwenda Dar na Unguja, zilizojengwa Tasmania, ni ndugu zake wakubwa, ingawa usizitumie kupimia boti ya futi 28, maana ukubwa wenyewe unasamehe mengi. Nikisema katamarani kuanzia hapa, nasema hii ya kazi. Ukionyeshwa ile ya mashindano kwa bei ya kutupa, iangalie, isifie, uondoke.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya uzito

V inapokea mzigo kwa kunung'unika. Ukiizidishia inachelewa kupanda, inakula mafuta, inakaa chini zaidi, lakini tabia yake haibadiliki sana. Katamarani ina miguu myembamba, kwa hiyo kila kilo unayoongeza inaizamisha zaidi kuliko V ya urefu uleule. Dari la handaki linashuka kuelekea majini, na siku linapokaribia maji kupita kiasi, mawimbi yanaligonga na boti uliyoipenda inageuka kuwa ngoma.

Kwa hiyo fanya hesabu. Mtu mzima mweke kilo 75, wageni wa hotelini waweke 85. Lita moja ya petroli ni karibu robo tatu ya kilo, hivyo lita 400 ni kilo 300. Mtungi wa mzamiaji uliojaa ni kilo 15 na zaidi. Watu kumi na nahodha na msaidizi wake, mitungi 20, mikanda ya risasi ya kuzamia, maji ya kunywa na barafu: umeshapita kilo 1,500 kabla hujahesabu nanga.

Halafu ipakie boti uzito huo ikiwa imeelea, uiname mbele na upime kwa shibiri kutoka majini hadi dari la handaki, pale theluthi ya mbele. Kwa boti ya futi 26 hadi 30 mimi sikubali chini ya shibiri moja na nusu. Hicho ni kipimo changu mwenyewe, nilichokipata kwa gharama. Miaka ya nyuma nilikuwa na katamarani ya futi 24, nikaibebesha mitungi na watu kana kwamba ni jahazi, wiki baada ya wiki wakati wa kusi. Nilisikia vishindo chini ya miguu, nikajiambia ndiyo tabia yake. Mwezi wa nane pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyoingia botini, ikawa haizimi. Tulipoipandisha juu, mpasuko ulikuwa umekwenda karibu urefu wa mkono, pale dari linapokutana na mguu wa kushoto.

Hatua ya nne: mashine na mafuta

Kwa katamarani mashine mbili ni lazima, moja nyuma ya kila mguu. Kwa V unaweza kuchagua moja au mbili. Kwa anayevuka kwenda visiwani nasema mbili hata kwenye V, ila usidanganyike kwamba moja ikifa nyingine itakurudisha kwa mwendo uleule. Boti yenye mzigo, ya aina yoyote, ikibaki na mashine moja kwa kawaida hairudi kuteleza juu ya maji. Utatambaa noti sita au nane. Na kwa kuwa mashine za katamarani zimeachana sana, moja ikifa usukani utauvutia upande mmoja njia nzima. Uzuri wa kuachana huko unauona gatini: unaweka moja mbele na nyingine nyuma, na boti inajigeuza palepale ilipo hata mkondo ukiwa mkali. V yenye mashine mbili zilizobanana haikupi hilo vizuri.

Mashine ya petroli ya mipigo minne, ikipigwa gesi yote, hula takriban lita moja kwa saa kwa kila farasi watatu, na mara nyingi huzidi kidogo. Mbili za 150 ni lita 100 hadi 120 kwa saa. Ukirudi mwendo wa safari, noti 25 hivi, hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Dar hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini, kwa hiyo weka karibu lita 100 za kwenda tu, bahari ikikubali. Gawa tangi mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la kutokugusa. Katamarani ikiwa nyepesi inaweza kukuokolea mafuta ya maana. Ikizidishiwa uzito, faida hiyo inaisha yote.

Hatua ya tano: ikague ikiwa juu ya trela

Chukua sarafu au mpini wa bisibisi na ugonge tumbo lote taratibu, shibiri kwa shibiri. Faiba nzima hulia kavu: ta, ta, ta. Iliyoachana ndani hulia nzito, kama kugonga papai bivu. Kwenye V sikiliza zaidi kwenye mstari wa mkuku, uti wa mgongo wa chini ya boti, na kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine. Shika mashine kwa chini uitikise kwa nguvu: ubao ukicheza, au maji ya kahawia yakitoka kwenye matundu ya bolti, mbao za ndani zimeoza. Kwenye katamarani lala chali chini ya handaki na tochi. Angalia kona ambapo dari linakutana na miguu, kote kuanzia mbele hadi nyuma. Nyufa nyembamba za rangi zilizosambaa kama utando wa buibui huenda ni rangi tu. Ufa mmoja mrefu unaofuata kona ni mifupa. Rangi mpya kwenye kona hizo peke yake, wakati boti nzima ni kuukuu, inatosha kukufanya ufunge safari ya kurudi nyumbani.

Hatua ya sita: ijaribu alasiri

Mwambie muuzaji unataka kutoka saa nane mchana. Akikataa, ameshakujibu.

Ile katamarani ya Mombasa nilikwenda kuiona. Nilikodi madumu 35 ya lita 20, tukayajaza maji na kuyapanga ndani: kilo 700 ambazo hazilalamiki wala hazitapiki. Juu yake watu wanne na tangi lililojaa. Fundi wa dalali akacheka. "Bosi, unahamia?"

Toka nje ya mwamba na uende pande nne, dakika kumi kila upande. Anza kwa kulikabili wimbi. V itapiga na kupasua, utausikia mgongo, na mkono wenyewe utarudisha gesi. Katamarani italainika zaidi kadiri unavyoongeza mwendo, kwa sababu hewa na povu vilivyonaswa ndani ya handaki vinapunguza kishindo. Tatizo liko kwenye mwendo wa polepole, pale handaki linapomeza wimbi na kulitema mbele, na upepo unalirudisha lote usoni mwako. Mabaharia wa Marekani huliita chafya. Kama njia yako inakulazimisha kwenda noti 12 mara kwa mara, utaoga kila siku.

Halafu weka wimbi ubavuni. Hapo katamarani haina mpinzani, wageni wanabaki na soda zao mkononi. Simamisha boti kabisa, uwaambie watu wote waende upande mmoja kana kwamba wanamvuta mzamiaji. V kali italala, katamarani itainama kidogo tu. Lakini usiipende kwa hilo peke yake. Geuza, wimbi liwe nyuma, ongeza mwendo polepole, uone omo inafanya nini ikishuka kwenye bonde. Omo ikichimba na usukani ukakuponyoka, boti za aina zote mbili zina hatari, ila katamarani yenye mzigo mkubwa mbele hufanya hivyo miguu yote miwili kwa pamoja, na boti husimama ghafla kana kwamba imefungwa breki.

Mwisho kata kona. V inalala ndani ya kona kama pikipiki, na mwili unajua la kufanya. Katamarani hugeuka imekaa bapa, au inaegemea nje kidogo, na asiyeshika kitu anarushwa nje. Kwa hiyo kamba ya kuzimia mashine iwe imefungwa kwenye mkono wa nahodha, kila mara. Marekani wameifanya sheria kwa boti zilizo chini ya futi 26 tangu Aprili 2021. Huku kwetu ifanye sheria ya nyumbani kwako, na jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikae kabatini.

Hatua ya saba: amua

Ukibeba watu wachache, wazamiaji wanne watano, au watalii wanaolipia utulivu, na safari zako nyingi ni za saa moja kwenda chini, chukua katamarani ya kazi na uchunge uzito kama mwenye duka anavyochunga deni. Ukivuka mbali, mzigo wako ukibadilika kila siku, na nahodha wako akiwa kijana unayemfundisha bado, chukua V ya nyuzi 20 na zaidi. V inapokosewa humpiga anayeiendesha, naye hupunguza mwendo. Katamarani inapokosewa hubaki laini hadi dakika ya mwisho, na huyo kijana hataijua dakika hiyo. Mvuvi wa ndoano anayekokota kutwa nzima yuko katikati, na wavuvi wa Shimoni na Watamu kule Kenya hawatakubaliana naye hata akichagua nini.

Ukishaamua, kabla hujatoa hela, peleka namba ya chombo na ya mashine kwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, ukiwa Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini ukiwa Zanzibar, au Mamlaka ya Bahari ukiwa Kenya, uulize watakavyoikagua na idadi ya abiria watakayoiruhusu. Idadi hiyo ndiyo utakayoirudisha kwenye hesabu ya hatua ya tatu.

Katamarani ya dalali, ikiwa na madumu yale, ilifika noti 29 badala ya 42, na shibiri yangu haikutosha kati ya maji na dari. Sikuinunua. Rafiki yangu mmoja anayepeleka wazamiaji watano watano Mnemba aliichukua miezi miwili baadaye, na mpaka leo anaitumia. Madumu yangu nilimwachia fundi, akayauzia maji.